Alama za Kidato cha Sita Haziingii Chumba cha Upasuaji

Mjadala kuhusu nani apewe nafasi ya kusomea udaktari, uuguzi au ufamasia haufiki mbali kabla mtu hajanyoosha mkono na kuuliza: "Hivi wewe ungekubali kupasuliwa na daktari aliyeingia chuo kwa kupunguziwa alama?" Swali hili huulizwa redioni, kwenye vikao vya udahili, kwenye semina na kwenye vijiwe vya kahawa, na anayeuliza huketi akiamini hoja imekwisha. Wanaofundisha fani za afya wamelisikia hadi limewachosha, na kwa kawaida hulijibu kwa upole, kwa sentensi mbili, kisha mazungumzo yakaendelea. Upole huo una gharama. Kwa sababu ya swali hili, vijana wa shule za kata, wa vijiji vya wafugaji na wa mitaa ya mabanda huonekana hatari kwa wagonjwa hata kabla hawajamgusa mgonjwa yeyote.

Jibu ni hili: hakuna daktari anayepewa leseni kwa alama alizoingilia chuo.

Alama za kidato cha sita Tanzania, au za KCSE Kenya, zina kazi moja tu, nayo ni kuamua nani apite mlango wa chuo. Kuanzia hapo hazina kauli tena. Mwanafunzi wa udaktari Tanzania husoma miaka mitano, na mwenzake wa Kenya sita. Kila mwaka una mitihani yake: anayeanguka hupewa sapu, yaani mtihani wa marudio, anayeanguka sapu hurudia mwaka, na anayeshindwa kabisa hudisko, yaani huondolewa chuoni. Mtihani wa mwisho huwa na watahini kutoka nje ya chuo. Baadaye unafuata mwaka mzima wa udaktari tarajali, chini ya usimamizi, akizungushwa katika idara kuu za hospitali. Akimaliza huo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika, au lile la Kenya, linapoangalia kama anastahili usajili kamili.

Tazama mtihani mmoja tu kati ya hiyo yote, ule wa vituo. Wanafunzi wamejipanga kwenye korido, kila mmoja mbele ya mlango wake. Kengele inalia. Mwanafunzi anaingia na kumkuta mtu aliyefundishwa kuigiza maumivu ya tumbo, na pembeni ameketi mtahini mwenye orodha ya vipengele. Amejitambulisha? Amenawa mikono? Ameomba ridhaa kabla ya kumgusa? Ameuliza maumivu yalianza lini na yanaelekea wapi? Anapobonyeza tumbo, anautazama uso wa mgonjwa? Baada ya dakika chache kengele inalia tena, anatoka na kuingia chumba kinachofuata. Orodha ya mtahini haina mahali pa kuandika shule ya sekondari, kazi ya baba wala njia aliyoingilia chuo. Aliyesahau kunawa mikono anakosa alama, awe ametoka shule ya vipaji maalumu au shule ya kata.

Kwa hiyo anayehofia madaktari dhaifu ana haki ya kuhofia, ila hofu yake aielekeze kwenye mlango wa kutokea. Aulize kama chuo kina wakufunzi wa kutosha wodini, kama wanafunzi hawazidi uwezo wa vitanda vya kufundishia, na kama daktari tarajali ana bingwa wa kumsimamia usiku. Hayo ndiyo yanayomlinda mgonjwa.

Wapo watakaosema hizo ni nadharia. Basi na watazame chuo ambako jambo hili lilipigiwa kelele nyingi. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, kilikuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji kutoka makundi yaliyoachwa nyuma. Mwombaji mmoja mzungu, Allan Bakke, alipokataliwa mara mbili alikwenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru aingizwe, ikapiga marufuku nafasi za kutengwa kwa idadi maalumu. Kelele zikaendelea kwa miaka, kila upande ukibashiri. Waliokwenda kuhesabu walikuwa wachache. Mwaka 1997 watafiti wa chuo hicho walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya wanafunzi wa miaka 20, kuanzia 1968 hadi 1987. Mmoja kati ya kila watano alikuwa ameingia kwa kuangaliwa kwa namna ya pekee, yaani si kwa alama peke yake. Kati ya walioingia kwa njia ya kawaida, asilimia 98 walihitimu. Kati ya wale wengine, asilimia 94. Mitihani ya miaka ya mwanzo iliwasumbua zaidi. Hilo ni kweli na halifichwi. Lakini walipofika kwenye mafunzo ya kazini hospitalini, waliyamaliza sawa na wenzao, na wakuu wa mafunzo hayo hawakuona tofauti ya maana katika utendaji wao.

Kilichopotea, basi, ni asilimia nne ya kuhitimu. Na hao wasiohitimu hawakuwa madaktari wabovu waliopenya hadi kwa wagonjwa. Walizuiwa na ile mitihani ambayo kazi yake ni kuzuia.

Chuo cha King's College London kilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2001 kilianzisha njia ya miaka sita badala ya mitano kwa vijana waliosoma shule za kawaida za serikali jijini humo. Walipokelewa kwa alama za chini kuliko wenzao, masomo ya mwaka wa kwanza yakatandazwa kwa miaka miwili huku wakipewa msaada wa karibu, kisha wakaungana na wengine na kufanya mitihani ileile. Walianza 10, baadaye wakafikia 50 kwa mwaka. Hakuna aliyewatungia mtihani rahisi.

Uingereza hiyohiyo ilitoa ushahidi mwingine ambao kila mjumbe wa kamati ya udahili angepaswa kuujua. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya wanafunzi 4,811 katika vyuo 12 vya udaktari. Waligundua kwamba wanafunzi wawili wakiingia na alama zinazolingana, yule aliyetoka shule yenye matokeo duni kwa jumla hufanya vizuri zaidi chuoni kuliko yule aliyetoka shule inayong'ara. Sababu yake haihitaji fumbo. Ni kama kupima urefu wa watoto wawili, mmoja akiwa amesimama juu ya kigoda: vichwa vinalingana, lakini anayejua kuna kigoda hawezi kusema watoto wana urefu mmoja.

Kigoda hicho Afrika Mashariki kinaonekana kwa macho. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaamka kidato cha kwanza akitakiwa kuielewa fizikia kwa Kiingereza. Mwenzake wa shule binafsi ameanza Kiingereza tangu chekechea. Mmoja ameshika bureti mikononi, amefungua koki, amesubiri tone la mwisho libadilishe rangi ya mchanganyiko. Mwingine bureti ameiona kwenye mchoro wa ubaoni, na mwalimu aliyeichora anafundisha kemia, baiolojia na hisabati kwa sababu hakuna mwingine. Wote wawili wanakutana kwenye tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, wanafanya mtihani mmoja, na alama zao zinapangwa kwenye orodha moja kana kwamba zimepatikana kwa njia moja. Alama B ya huyu wa pili ina habari nyingi kuhusu akili na ustahimilivu wake kuliko A nyingi zinazosherehekewa magazetini. Chuo kinachoisoma B hiyo bila kuangalia ilikotoka kinapoteza habari muhimu.

Lipo jambo jingine linalokera zaidi. Swali la "ungekubali akupasue" huulizwa kwa kuchagua. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vya umma Kenya vikafuata mkondo huo. Waliotimiza sifa za chini lakini hawakufikia pointi za kudhaminiwa na serikali waliweza kuingia, udaktari ukiwamo, mradi mzazi awe na uwezo wa kulipa karo kubwa. Kwa maneno mengine, alama zilipunguzwa kwa ajili ya fedha. Wengi wao wamekuwa madaktari wazuri, kwa sababu ileile: walifaulu mitihani ya kutokea. Lakini ile hofu ya kupasuliwa ilikuwa wapi wakati huo? Ikiwa pengo la alama linaloletwa na fedha halimtishi mgonjwa, pengo linaloletwa na ukosefu wa maabara haliwezi kumtisha.

Na wanaoamini kwamba orodha ya alama haina mkono wa mtu ndani yake wakumbuke Tokyo. Mwaka 2018 iligundulika kwamba Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kikichezea alama za mtihani wa kuingilia tangu mwaka 2006. Katika mtihani wa mwaka huo, alama za insha za waombaji wote zilizidishwa kwa 0.8, kisha wanaume wanaofanya mtihani kwa mara ya kwanza, ya pili au ya tatu wakaongezewa alama 20. Wanawake hawakuongezewa hata moja. Lengo lilikuwa kuzuia idadi yao isipande, kwa madai kwamba wangeacha kazi wakizaa. Uchunguzi wa serikali ulipopita kwenye vyuo vingine, Chuo Kikuu cha Juntendo nacho kilikutwa kikiwapunguza wanawake, na utetezi wake ulikuwa kwamba wanawake wana uwezo mkubwa wa kujieleza kwenye usaili, hivyo pengo hilo lilihitaji kusawazishwa. Haikuchukua muda: katika udahili wa mwaka 2021 kiwango cha wanawake kufaulu kuingia vyuo vya udaktari Japani kiliwapita wanaume kwa mara ya kwanza.

Gharama ya mlango mwembamba inalipwa na mgonjwa, na hapo ndipo muulizaji angeanzia kama kweli anamjali. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari Marekani ilisifiwa, na bado inasifiwa, kwa kuinua viwango. Wakati huo kulikuwa na vyuo saba vya kuwafundisha madaktari weusi. Baada ya ripoti hiyo vitano vilifungwa, vikabaki Howard cha Washington na Meharry cha Nashville. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba vile vitano vingeendelea kufundisha, vingetoa wahitimu wapatao 35,000 zaidi. Pengo hilo bado linaonekana kwa wagonjwa. Huko Oakland, California, watafiti wakiongozwa na Marcella Alsan waliwaandikisha wanaume weusi zaidi ya 1,300 kutoka saluni za vinyozi na minadani, wakawapangia waliofika kliniki, kwa bahati nasibu, daktari mweusi au asiye mweusi. Waliompata daktari mweusi walikubali zaidi vipimo vya kinga baada ya kuzungumza naye, hasa vile vya kutolewa damu, kama sukari na lehemu. Huduma ilikuwa ileile na bure kwa wote.

Anayedhani hayo ni ya Marekani tu aingie kliniki ya wajawazito katika wilaya ambayo daktari hajui hata salamu ya lugha ya nyumbani kwa mama. Anayetafsiri ni shemeji aliyemsindikiza. Daktari anauliza kuhusu kutokwa damu ukeni, shemeji anasita, anauliza jambo jingine jepesi zaidi, mama anajibu kwa kutikisa kichwa, na kwenye faili panaandikwa hakuna dalili. Hakuna aliyezembea hapo. Ila daktari au mkunga aliyekulia karibu na boma la mama huyo asingehitaji shemeji.

Tatizo hili lina dawa ya mitaani inayopendwa sana: mchukue kijana wa mjini mwenye alama za juu, mfundishe, kisha mfunge kwa mkataba akatumikie porini miaka mitatu. Ikitumika peke yake, huleta daktari anayehesabu siku. Japani walitumia mkataba pia, lakini walianzia kwenye udahili. Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972, hupokea wanafunzi wawili au watatu kutoka kila mkoa kati ya mikoa 47. Ada yao hufutwa wakirudi kutumikia mkoa uleule waliotoka kwa miaka tisa. Muda wa mkataba ukiisha, takriban asilimia 70 hubaki mkoani kwao. Na kwa wanaohofia viwango: Jichi imeshika nafasi ya kwanza nchini humo katika mtihani wa taifa wa leseni kwa miaka kadhaa mfululizo.

Afrika nayo ina mfano wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali ya Mosvold huko Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ilichoka kungoja madaktari wa kupelekewa. Ilianza kuwatafuta vijana wa shule za jirani. Kijana alitakiwa awe amekubaliwa na chuo, awe amejitolea hospitalini kwa muda, na asailiwe na kamati yenye watu wa eneo lake. Aliyechaguliwa alilipiwa masomo, akakubali kurudi kazini mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa, na akapangiwa mlezi wa kuzungumza naye kila mara. Ulezi huo haukuwa wa hiari. Mwanafunzi alipaswa kueleza matokeo yake, fedha zake na yanayomsumbua kabla hayajamwangusha. Mpango huo, uliokuja kuitwa Umthombo, umetoa wahitimu zaidi ya 100 wa fani mbalimbali za afya, wengi wakitoka shule ambazo hakuna aliyetarajia zitoe daktari.

Ulezi una uzito kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu kupata nafasi ni nusu ya safari. Mwanafunzi maskini mara nyingi haangushwi na anatomia. Huangushwa na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, lililochelewa, nauli ya daladala ya kwenda hospitali ya kufundishia alfajiri, kifaa cha kusikilizia moyo anachoazima kwa jirani wa bweni, na miezi anayokaa nyumbani akisubiri kupangiwa udaktari tarajali wakati mwenzake ana mzazi wa kumlisha. Akianguka, huandikwa kwamba hakuwa na uwezo, kisha anguko lake linatumika kuthibitisha lile swali la mwanzo.

Si kila mpango wa upendeleo unafaa, na mibovu itajwe kwa ubovu wake. Uganda ilianza mwaka 2005 kutoa sehemu ya nafasi za ufadhili wa serikali kwa mgao wa wilaya. Lawama kubwa imekuwa kwamba nafasi hizo zilinyakuliwa na vijana waliosoma shule bora za Kampala na viunga vyake, ambao wilaya wanaitaja kwa asili ya ukoo tu. Kosa lilikuwa kuuliza babu anatoka wapi badala ya kuuliza mtoto amesoma wapi.

Yanayowezekana sasa ni haya. Vyuo vipange alama za mwombaji kwa kulinganisha na matokeo ya shule aliyosoma, takwimu ambazo mabaraza ya mitihani yanazo. Davis, iliyokatazwa na sheria ya jimbo kutumia rangi, hutumia kipimo cha ugumu wa maisha kinachoangalia kipato cha familia na elimu ya wazazi, na kipimo kama hicho hakihitaji teknolojia yoyote. Mwaka wa kwanza uwe na muda wa ziada kwa wanaouhitaji, kama King's, bila kuwatenga darasani. Bumu litoke kabla ya muhula kuanza. Wodini, mkufunzi anayemdhihaki mwanafunzi kwa lafudhi yake achukuliwe hatua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010, na likarudia mwaka 2021, kuwapa kipaumbele wanafunzi wa asili ya vijijini. Wizara zianze kulitekeleza pendekezo hilo kwa idadi.

Kwa familia, mambo ni manne. Kijana wa Tanzania aliyekosa nafasi ya udaktari asione mlango umefungwa: wenye stashahada ya utabibu na ufaulu unaotakiwa wanaruhusiwa kuomba shahada, na wengi wamepita hapo. Uuguzi na maabara pia ni fani kamili. Mwombaji wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi Tanzania, ahakikishe cheti cha kuzaliwa, na cha kifo cha mzazi ikiwa ni yatima, vimehakikiwa mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini aseme hivyo kwenye fomu, maana ni kigezo. Mkenya aanzie KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, ambako KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, nacho hupokelea wanafunzi, na HELB, bodi ya mikopo. Wote wawatafute wanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo wanachokitaka na kuwauliza gharama halisi, kwani kitabu cha udahili hakitaji nauli.

Na kamati ya udahili inayotaka kujua kama ina tatizo inaweza kufanya kazi ya mchana mmoja. Ifungue sajili ya mwaka wa kwanza, mbele ya kila jina iandike shule ya kidato cha nne na wilaya ilipo, kisha ihesabu ni wangapi wametoka shule za kata za kutwa na ni wilaya ngapi hazina hata mwanafunzi mmoja. Orodha hiyo ipelekwe kwenye kikao cha seneti pamoja na matokeo ya mtihani wa mwisho ya wanafunzi haohao watakapohitimu, na ichapishwe kila mwaka.